Taja namba yote ya prosesa

Nina dai moja kwa kila anayetangaza kompyuta mtandaoni kwa Watanzania, awe kiwanda cha chipu kilichoko California au muuzaji wa Kariakoo mwenye ukurasa wa Instagram. Aandike jina la prosesa lote mpaka tarakimu ya mwisho, na mwaka ilipotoka. Asiishie kwenye “Core i7” na kijipicha cha moto.

Naendesha stesheneri hapa Ifakara, Kibaoni. Tunachapa na kutoa kopi, tunajaza maombi ya mikopo ya elimu ya juu na ya kazi serikalini, tunapiga picha za pasipoti, tunatengeneza kadi za michango ya harusi. Nyuma ya kaunta kuna meza ya ufundi, na matangazo ya prosesa huishia pale. Mtu ameona, ameamini, ametuma pesa, mzigo umefika, na sasa anataka kujua kwa nini mashine aliyoambiwa ina kasi ya ajabu inachukua dakika nne kuwaka.

Msimu uliopita, mpunga ukiwa umeshauzwa na pesa iko mikononi mwa watu, alikuja mwalimu kijana wa sekondari kutoka upande wa Mlimba.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Karibu, vuta kiti.”

Akatoa laptopu kwenye begi. Imefutwa vizuri, stika ya i7 inameremeta. Aliiona kwenye tangazo la kulipiwa ambalo lilimfuata kila alipofungua simu, akatuma laki tano na nusu, mzigo ukaja na basi hadi stendi. Kazi zake si za ajabu: kutunga mitihani, kuingiza alama za wanafunzi, kufuatilia masomo ya shahada yake kwa video usiku, saa ambazo bando huwa nafuu.

“Mama, hii ni i7, lakini i5 ya mwenzangu wa shuleni inaiacha mbali. Au nimeuziwa yenye virusi?”

Virusi havikuwamo. Nilifungua ukurasa wa taarifa za mashine, tukasoma pamoja: i7-4600U. Nikamwomba ampigie mwenzake asome ya kwake: i5-8250U. Ya mwalimu wangu Intel iliitoa mwaka 2013, ina viini viwili. Ya mwenzake ilitoka 2017, ina viini vinne. Zote mbili zimepangiwa wati 15 za umeme, kwa hiyo ile ya baadaye inafanya kazi nyingi zaidi kwa umeme uleule. Na anayepima kwa kuangalia gigahezi peke yake atapotea kabisa, maana ile ya zamani ndiyo yenye namba kubwa: mwendo wake wa msingi ni gigahezi 2.1, na ya 2017 ni 1.6.

Saba iliyomo kwenye i7 ni cheo ndani ya ukoo wa mwaka wake. Kwenye chipu za miaka hiyo, tarakimu inayoanza baada ya kistari ndiyo inayotaja kizazi: 4 ni kizazi cha nne, 8 ni cha nane. Herufi U inasema chipu imebanwa matumizi ya umeme ili ikae kwenye laptopu nyembamba. Habari yote iliyomhusu mwalimu ilikuwa kwenye tarakimu nne na herufi moja, na hizo ndizo zilizokatwa kwenye tangazo.

Kuna jambo zito zaidi ya kasi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisimamisha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10. Windows 11, kwa chipu za Intel, inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane, ukiacha chache sana za nyuma yake. Laptopu ya mwalimu imekosa sifa, ya mwenzake inazo. Ofisi za Ulaya na Ghuba zinazobadilisha mashine zake kwa sababu hiyo zitaendelea kuziuza kwa bei ya kutupa, na nyingi zitakuja kwetu. Sina ubaya na mashine hizo. Kompyuta iliyotumika ndiyo iliyowafanya watoto wa bonde hili washike kibodi kabla ya kufika chuo. Ninachokataa ni kuiuza bila kutaja umri wake.

Nilimwekea SSD badala ya diski ya kuzunguka, nikaongeza RAM kutoka GB 4 kuwa 8. Ikaanza kuwaka kwa chini ya nusu dakika, na prosesa ni ileile. Kwenye meza yangu ndivyo inavyokuwa mara nyingi. Kinachochelewesha kazi za watu wa kawaida ni diski kongwe, RAM ndogo, vumbi lililojaa kwenye feni, programu ishirini zinazojiwasha bila kuitwa. Prosesa inakuja nyuma sana kwenye orodha hiyo, lakini ndiyo yenye bajeti ya matangazo.

Kilichoniuma ni kwamba kila neno la tangazo lile lilikuwa la kweli. Stika ni halali, chipu ni i7, na mwaka 2013 ilikuwa miongoni mwa chipu nzuri za laptopu nyembamba. Yaliyoachwa ni mambo mawili, namba kamili na mwaka, ambayo yangebadilisha uamuzi wa mwalimu.

Mtindo huu wa kutangaza jina na kuacha namba una historia, na historia hiyo inafaa kujulikana. Zamani chipu ziliitwa kwa namba tupu: 286, 386, 486. Intel ilitaka 386 iwe alama yake ya biashara ili washindani kama AMD wasiitumie. Mwaka 1991 mahakama ya Marekani ilikataa kwamba namba hiyo inaweza kuwa mali ya kampuni moja. Mwaka huohuo Intel ikaanza kampeni ya Intel Inside, na chipu iliyoifuata 486, ambayo ilitoka 1993, ikapewa jina linaloweza kumilikiwa: Pentium.

Werevu wa kampeni ile ulikuwa kwenye malipo. Intel ilikuwa ikiwauzia chipu viwanda vya kompyuta, lakini ikaamua kumfuata mnunuzi wa mwisho, mtu ambaye hataiona chipu hiyo maisha yake yote kwa kuwa imekaa ndani ya boksi chini ya feni. Kiwanda cha kompyuta kilichobandika nembo ya Intel na kuiweka kwenye tangazo lake kilirudishiwa sehemu ya gharama ya tangazo. Kwa hiyo mamia ya makampuni yakawa yanaisemea Intel kwa midomo yao. Laptopu iliyomaliza kazi kwenye ofisi ya Ujerumani, ikapita Dubai, ikafika Kariakoo, inaingia Ifakara imekwaruzwa namba ya mali ya mwenyewe, imebadilishwa chaja, imefutwa kumbukumbu zote, na stika ya chipu bado iko mahali pake. Muuzaji wa Instagram anayeandika “i7” kwa herufi kubwa anaendeleza kazi iliyoanza 1991, na sasa anaifanya bure.

Mwaka 1997 mpango ule wa malipo ukapanuliwa hadi matangazo ya kwenye intaneti. Februari 1999 ikatoka Pentium III, ikatangazwa kwa ahadi kwamba itafanya intaneti iwe bora zaidi. Wakati huo watu wengi, hata huko Marekani, waliingia mtandaoni kwa modemu ya laini ya simu isiyozidi kilobiti 56 kwa sekunde. Laini ndiyo iliyowachelewesha. Prosesa hata ingekuwa na kasi mara mbili, ukurasa ungefika kwa mwendo uleule. Kwa upande wetu, kebo ya SEACOM iliyofika Dar es Salaam Julai 2009, na minara ya simu iliyosogea vijijini baada yake, imeifanyia intaneti ya Kilombero kazi ambayo hakuna chipu ingeweza kuifanya.

Kisha zikaja mbio za gigahezi. AMD ilitangaza chipu ya gigahezi moja tarehe 6 Machi 2000; Intel ikajibu tarehe 8. Novemba mwaka huo Intel ikatoa Pentium 4, ambayo muundo wake uligawa kazi katika hatua nyingi fupi ili namba ya gigahezi iweze kupanda. Namba ilipanda kweli. Ila kwenye kazi kadhaa Pentium III ya namba ndogo iliifikia au kuipita, kwa kuwa kila mpigo wa Pentium 4 ulifanya kazi ndogo zaidi. Joto likawashinda. Mwaka 2004 Intel iliacha mpango wa kuiuza Pentium 4 ya gigahezi 4, ikageukia chipu zenye viini vingi. Miaka kumi baadaye, 2014, ilimaliza kesi ya wanunuzi wa Marekani waliodai kwamba vipimo vya kasi ya Pentium 4 vilipangwa ili kuipendelea. Waliostahili wangepata dola 15 kila mmoja, na kampuni haikukiri kosa.

AMD haina usafi wa kujivunia hapa. Chipu zake za muundo wa Bulldozer zilitangazwa kuwa na viini vinane, wanunuzi wakasema viini hivyo vinashirikiana sehemu muhimu na haviwezi kuhesabiwa vinane, na mwaka 2019 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 12.1 kumaliza kesi. Mwaka 2022 ikatoa Ryzen 5 7520U. Anayesoma 7 ya mwanzo ataona ya kisasa. Viini vyake ni vya muundo wa Zen 2, uliotoka 2019, na siri hiyo imo kwenye tarakimu ya tatu. Desemba 2023 Intel ilichapisha waraka wa kuikejeli AMD kwa jambo hilohilo, kisha ikauondoa. Mwezi uleule ikazindua chipu zenye majina yake mapya ya Core Ultra, herufi i ikaondolewa, hesabu ya vizazi ikaanza upya kwenye moja. Kanuni niliyomfundisha mwalimu wa Mlimba, ya kuangalia tarakimu ya kwanza baada ya kistari, kwenye mashine hizo mpya haifanyi kazi. Ndiyo sababu nadai na mwaka utajwe. Majina watayabadilisha watakavyo, mwaka hawawezi.

Nimesikia hoja kwamba mteja wa kawaida haelewi namba, kwamba jina fupi linamrahisishia. Hoja hiyo isemwe kwingine, si katika bonde hili. Hapa Ifakara tunalima mbegu ya mpunga TXD 306, ambayo wakulima wanaiita SARO 5. Mkulima ambaye hakumaliza darasa la saba anaijua, anajua inavyozaa kuliko Supa, anajua Supa inaishinda kwa harufu na kwa bei. Nenda sokoni na gunia umeliandika “Mchele bora wa Kilombero” uone. Mama atatia mkono, atauliza Supa au SARO, wa mwaka huu au wa mwaka jana, atatafuna punje mbili mbele yako. Watu wanaouliza hivyo kwa mchele wa elfu kadhaa wataulizaje chini ya hapo kwa mashine ya laki tano? Hawaulizi kwa sababu hakuna aliyewapa pa kuulizia. Na kiwanda chenyewe kinazo habari hizo: Intel ina orodha ya wazi mtandaoni yenye chipu zake na robo ya mwaka ambayo kila moja ilitoka. Kilichokosekana ni kuzihamisha mstari mmoja mpaka kwenye tangazo.

Kuna gharama nyingine ambayo mtangazaji haibebi. Tangazo la video linapojiwasha lenyewe katikati ya ukurasa wa habari, linafanya kazi kwenye chipu niliyonunua mimi na linakula bando nililolipia mimi. Kompyuta ninayojazia maombi ya wateja ina RAM ya GB 4. Nikifungua ukurasa wenye matangazo mengi, feni inaanza kelele na kipanya kinakwama. Nikiweka programu ya kuzuia matangazo, ukurasa uleule unafunguka bila tabu. Sababu yake haina fumbo. Pamoja na picha unayoiona, ukurasa unaendesha vipande vingi vya programu vinavyomfuatilia msomaji, kumpigia mnada kwa watangazaji, na kupima kama ametazama. Sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanyika kwenye mashine ya msomaji. Kijana aliyesubiri kwenye benchi kujaza fomu ya mkopo anaona kompyuta nzito, na pembeni ya ukurasa tangazo linamwambia dawa yake ni prosesa yenye kasi zaidi. Sehemu ya uzito anaouona ni hilo tangazo. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote katika biashara hii, na sijui kwa nini halizungumzwi.

Tena kasi inayotangazwa ni ya kilele, ile ambayo chipu inafikia kwa muda mfupi ikiwa imepoa. Ikipata joto inajipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Ifakara si Njombe. Mwezi wa kumi na moja, saa nane mchana, chini ya bati, laptopu iliyowekwa juu ya kitambaa cha meza inajipunguza mpaka mtu anadhani imeharibika. Ninafungua, natoa vumbi jekundu la barabarani, nabadilisha pesti iliyokauka kati ya chipu na chuma cha kuipoza, naweka vifuniko viwili vya chupa chini ya miguu ya nyuma hewa ipite. Kasi inarudi. Umeme nao: tuna bwawa la umeme la Kidatu la megawati 204 upande mmoja na la Kihansi la megawati 180 upande wa pili, na bado wateja wangu wanaishi kwa betri saa nyingi za mvua. Kwa mtu wa hapa, saa ambazo betri inadumu akiwa kazini ni habari muhimu kuliko gigahezi. Tangazo la mashine iliyotumika halitaji betri hata siku moja.

Kwenye simu ndiko wengi wanakokutana na chipu. Tecno, Infinix na itel, zote za kampuni ya Transsion ya Shenzhen, zimejaa mifukoni mwa watu wa bonde hili, na nyingi zinatumia chipu za MediaTek au Unisoc. Vijana wanaokuja kuweka nyimbo kwenye memori kadi wananitajia “viini vinane” kama cheo. Chukua Helio G35, ambayo MediaTek iliitoa 2020 katika kundi la G, kundi linalotangazwa kwa ajili ya michezo ya simu. Ina viini vinane kweli, vyote vya aina ya Cortex-A53, kiini kidogo cha kubana umeme ambacho Arm ilikitangaza mwaka 2012. Helio G85 ya mwaka uleule ina viini vinane pia, lakini viwili ni A75 vyenye nguvu zaidi. Kwa anayesoma tangazo ni vinane kwa vinane.

Na sasa yamekuja matangazo ya kompyuta za akili mnemba. Mei 2024 Microsoft na viwanda vya chipu walizindua kundi la Copilot+ na sharti la sehemu maalumu ya chipu inayofanya operesheni trilioni 40 kwa sekunde. Huenda kazi yake itaonekana siku moja. Kwa karani wa ushirika wa mpunga anayejumlisha magunia kwenye Excel leo, trilioni hizo hazimpunguzii hata dakika moja.

Nisieleweke kwamba nachukia matangazo. Bonde hili lina historia yake ya matangazo, na ninajivunia kuwa karibu nayo. Miaka ya mwisho ya 1990 mradi wa KINET uliuza vyandarua vilivyotiwa dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga kwa jina la Zuia Mbu. Ilikuwa biashara kamili, yenye jina, nembo, mabango na mawakala vijijini, na mwananchi alitoa pesa yake mwenyewe. Wakati huohuo, kuanzia 1996, wahoji walikuwa wakipita kaya kwa kaya kila baada ya miezi minne kuandika aliyezaliwa, aliyehama na aliyefariki. Mimi nilikuwa binti, karani wa kuingiza takwimu za utafiti hapa mjini, kwenye kompyuta ambayo leo simu ya mwanangu inaizidi mara nyingi sana. Fomu moja tuliingiza watu wawili tofauti, kisha tukalinganisha, na penye tofauti tukarudi kwenye karatasi. Mwaka 2001 matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet: vyandarua vilivyotiwa dawa vilihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa kati ya mwezi mmoja na miaka minne.

Tangazo liliahidi, na watu walewale wakaenda kuhesabu watoto. Nimekulia kazini ndani ya utaratibu huo, ndiyo maana siwezi kusoma “kasi ya hadi mara mbili” bila kuuliza: mara mbili ya nini, kwa kazi gani, mashine ikiwa na RAM kiasi gani, nani alipima? Chini ya matangazo ya viwanda vikubwa huwa kuna maandishi madogo yenye majibu ya sehemu ya maswali hayo. Kwenye skrini ya simu hayasomeki, na likifika Kariakoo tangazo limeshayaacha njiani.

Sheria tunayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo yenye jukumu la kuisimamia. Naiomba tume hiyo itoe mwongozo wa ukurasa mmoja kwa wauzaji wa kompyuta na simu mtandaoni: namba kamili ya prosesa, mwaka wake, aina na ukubwa wa diski, RAM, hali ya betri kwa mashine iliyotumika, na kama inapokea masasisho ya usalama. Hauhitaji bunge. Muuzaji mwaminifu hatapoteza kitu. Nawajua kadhaa wa Dar es Salaam na Morogoro ambao tayari wanaandika hivyo, na ndio ninaowapelekea wateja. Na viwanda vya chipu, ambavyo kwa zaidi ya miaka thelathini vimejua kumlipa mwingine ili atangaze kwa niaba yao, vinaweza kuweka sharti hilohilo kwa kila senti ya tangazo vinayochangia: hakuna namba, hakuna mchango.

Shinikizo la wanunuzi linafanya kazi, tumeshaliona. Mwaka 1994 profesa wa hisabati wa Virginia, Thomas Nicely, aligundua kwamba Pentium inakosea katika aina fulani za kugawanya. Intel kwanza ilisema watumiaji wengi hawataathirika. Habari zilienea kwa intaneti ya wakati ule, ambayo ilikuwa ndogo na bado haijajaa matangazo, na Desemba mwaka huo kampuni ikakubali kumbadilishia chipu yeyote atakayetaka. Ilitenga dola milioni 475. Watu waliandikiana namba, wakajaribu hesabu ileile kwenye mashine zao, wakapata jibu lilelile lisilo sahihi.

Mpaka FCC itakapoandika, fanya hivi. Mwambie muuzaji awashe mashine, abonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, aandike msinfo32, apige picha ya ukurasa utakaofunguka na akutumie kwa WhatsApp kabla hujatuma hata shilingi. Mstari wa “Processor” una namba yote. Akikujibu kwamba ni i7 na inatosha, nenda kwa mwingine. Aliye Ifakara, Mang'ula, Mbingu, Mngeta au ng'ambo ya daraja huko Lupiro, akiwa na picha hiyo asijue kuisoma, aje nayo dukani au anitumie. Tunafunga saa mbili usiku, Jumapili tunafungua baada ya misa, na kuisoma picha sitozi hela.